Chakula cha Yaeda: Habari za Wahadzabe na Jirani Zao

Katika kitabu hiki cha jubilei mtapata habari za makanisa, za shule, na za wazee waliotutangulia. Waandishi wa habari hizo wanazijua kuliko mimi, wala sitaki kuyarudia maneno yao. Mimi nataka kueleza habari za watu wachache wakaao upande wa magharibi wa mkoa wetu, ambao hawatajwi mara nyingi katika vitabu vya namna hii. Jinsi walivyopata chakula chao zamani, jinsi kilivyopunguka, na jinsi wanavyokitafuta siku hizi. Nao ni Wahadzabe wa Yaeda.

Hapa Babati mjini, ukiuliza habari zao sokoni au kituo cha mabasi, utajibiwa upesi ya kuwa ni watu wenye njaa kwa sababu hawalimi. Neno hili ni la zamani, nalo limekuwa msingi wa mashauri mengi yaliyofanywa juu yao na watu ambao hawakuwauliza. Lakini anayezichungua habari zenyewe ataona ya kuwa njaa iliingia Yaeda kwa mlango mwingine. Iliingia hapo ardhi ilipopungua, na hapo watu waliokuwa na vyakula vingi walipotakiwa kutegemea kimoja.

Mtu akitoka Babati kwenda huko hushika njia ya Dareda, akapanda ukuta wa Bonde la Ufa mpaka nchi ya juu ya Wairaqw, yenye baridi na mashamba yaliyokaribiana. Akipita Mbulu au Haydom, akateremka tena upande wa magharibi, joto laanza, miti ya miiba yawa mingi, na mibuyu mikubwa yaonekana juu ya vilima. Hilo ndilo bonde la Yaeda, na nchi hiyo yaendelea mpaka Ziwa Eyasi lenye maji ya chumvi. Zamani palikuwa na mbung'o wengi huko, hata wafugaji waliogopa kuingiza ng'ombe wao. Kwa hiyo yule mdudu aliyechukiwa na kila mfugaji alikuwa mlinzi wa Wahadzabe kwa miaka mingi, ingawa hakuna aliyemshukuru.

Hesabu yao yote ni watu 1,000 na mia chache, ukiwatia na wale wakaao upande wa Karatu na wa Singida. Wengine waliwaita Watindiga, na jina hilo lapatikana katika vitabu vya zamani. Lugha yao ina sauti za kualika kwa ulimi, na wataalamu wameshindwa kuonyesha ya kuwa ina undugu na lugha nyingine yo yote. Mjerumani Erich Obst aliwatembelea mwaka 1911 na kuandika habari zao, na tangu hapo wageni wenye kalamu hawakukoma kuja.

Sasa na tutazame chakula chenyewe, maana hapo ndipo penye neno.

Mtu asiyewajua hudhani ya kuwa wao hula nyama tu, kwa kuwa amewaona na pinde. Ni kweli wanaume huwinda; hupiga digidigi, swala, ngiri, punda milia, hata twiga, kwa mishale ambayo mingine hutiwa sumu ya mimea. Lakini windo halina ahadi. Mwindaji aweza kwenda siku nyingi asipate mnyama mkubwa, naye akipata, nyama hugawanywa kambi nzima, wala haihesabiwi kuwa mali yake. Chakula cha kila siku hutoka zaidi katika mikono ya wanawake. Hao hutoka kwa makundi na fimbo ngumu zilizochongwa ncha, wakachimba viazi vya porini. Vipo vya aina kadhaa; kilicho mashuhuri ni ekwa, ambacho jina lake huanza kwa sauti ambayo herufi zetu haziwezi kuiandika vema. Huchomwa kidogo motoni, hutafunwa, na makapi hutemwa.

Kisha kuna matunda. Mikole huzaa kwa majira yake, na mswaki kwa majira yake, na mengine mengi madogo ambayo watoto huyala papo hapo wakashiba kabla ya kurudi kambini. Mbuyu huwapa ubuyu. Unga wake huchanganywa na maji ukanywewa kama uji, na mbegu zake hupondwa zikaliwa. Watoto wenyewe hutafuta chakula chao wangali wadogo, jambo ambalo mtoto wa mjini hawezi kulifanya, hata akiwa darasa la saba.

Na juu ya vyote ipo asali. Kuna asali ya nyuki wakali na asali ya nyuki wadogo wasiouma, na kila moja ina jina lake na mahali pake. Yuko ndege aitwaye mlembe, ambaye humwita mtu kwa sauti na kumwongoza mti kwa mti mpaka kwenye mzinga; mtu hupanda mbuyu kwa vigingi vya mti alivyovipigilia katika shina, akafukiza moshi, akatoa masega, na yule ndege akapata nta iliyobaki. Mwaka 2009 watafiti walichapa majibu ya Wahadzabe walioulizwa ni chakula gani wanachokipenda kuliko vyote. Asali ikawa ya kwanza. Viazi vya porini vikawa vya mwisho. Nalipenda sana jibu hilo, kwa kuwa laeleza siri ya nchi ile. Asali ina majira, matunda yana majira, nyama ina bahati. Lakini ekwa yupo ardhini mwaka mzima, kiangazi na masika, akingoja. Kile wasichokipenda ndicho ghala yao. Sisi wakulima twaweka mahindi kihengeni tukaomba panya na wadudu wasiyamalize. Wao huacha chakula ndani ya udongo mpaka siku ya haja.

Ghala hiyo yataka mambo mawili ili ifae: nchi kubwa ya kuhamahama, na mikono inayojua kuchimba. Kuhusu mikono, watafiti walioishi nao waliandika mwaka 1997 jambo ambalo mabibi wa kila kabila watalifurahia. Mama akiwa na mtoto mchanga hawezi kuchimba sana, na hapo waliona ya kuwa unono wa watoto wake wakubwa hufuata kazi ya bibi yao. Bibi akichimba sana, wajukuu huongezeka uzito.

Mwingereza James Woodburn, aliyeanza kukaa kwao mwishoni mwa miaka ya 1950, aliandika mwaka 1968 ya kuwa njaa ya kuua hakuiona kwao, na ya kuwa kazi ya kutafuta chakula haikuzidi saa mbili kwa siku kwa wastani. Waliokuja baada yake walihesabu saa nyingi zaidi, hasa kwa wanawake, nami huwaamini hao zaidi, maana kuchimba kati ya mawe chini ya jua la Yaeda si kazi ya saa mbili. Lakini katika jambo kubwa hawakupingana naye: watu hawa walikuwa na chakula cha namna nyingi, na kimoja kikikosekana kingine kilikuwapo.

Tena wasidhani wasomaji ya kuwa waliishi peke yao kama kisiwani. Walibadilishana na Waisanzu na wengine asali, nyama na ngozi, wakapata chuma cha mishale, tumbaku na shanga. Njia nyingi za riziki, ambazo wasemaji wa semina za siku hizi hutufundisha kama jambo jipya, zilikuwa desturi yao ya kale.

Basi twende kwenye majaribio ya kuwatuliza. Serikali ya Waingereza iliwaamuru wakae mahali pamoja na kulima mwaka 1927, ikajaribu tena mwaka 1939. Mara zote mbili halikufanikiwa. Baada ya Uhuru serikali yetu nayo ilijaribu, mwaka 1964 na 1965, nao wamisionari wakasaidia; watu wakakusanywa Yaeda Chini, wakapewa chakula, majembe na mbegu. Nia haikuwa mbaya. Viongozi waliona haya kwamba katika nchi huru kuna raia wasio na shule wala zahanati, na kukusanya watu kijijini lilikuwa wazo la wakati ule kwa Watanzania wote. Lakini watu waliozoea kambi za ishirini au thelathini, zinazohama kila baada ya wiki chache, walipokusanywa kwa mamia mahali pamoja, magonjwa kama surua yalipata njia. Watu wakafa katika majaribio haya, na watoto zaidi. Na kwa habari ya chakula, viazi na matunda yaliyo karibu na kijiji huisha upesi kwa watu wengi, mahindi hukauka katika nchi ya mvua haba, basi ikabaki kungojea chakula cha serikali. Chakula hicho kilipokwisha, watu walirudi porini. Wengine waliandika kwamba walikimbia kazi. Mimi naona walikwenda kwenye chakula.

Mambo hayakuishia hapo. Yaeda Chini iliyojengwa kwa ajili yao ikawa hasa ya jirani zao; shule na zahanati zilivuta Wairaqw, Wadatoga na Waisanzu, na mashamba yakafuata. Ilikuwa hivyo pia Munguli, upande wa Singida. Mwaka 1988 kikaandikwa kijiji cha Mongo wa Mono, nacho kimekuwa cha maana baadaye, kama tutakavyoona. Upande wa Mangola, karibu na Eyasi, chemchemi zilizokuwa zikinywesha wanyama zikageuzwa kumwagilia vitunguu, na vitunguu vya Mangola vikajulikana katika masoko ya nchi nyingi.

Hapa yatupasa tuiache Yaeda kidogo, twende Hanang, kusini-magharibi ya Babati, maana yaliyotukia huko yalifika Yaeda baadaye. Chini ya mlima Hanang kuna nyanda za Basotu, na wenyeji wake ni Wabarabaig, ambao ni fungu la Wadatoga. Watu wengi huwaita Wamang'ati. Lakini jina hilo walipewa na Wamasai, na maana yake ni adui, kwa hiyo si heshima kumwita jirani hivyo. Hao ni wafugaji. Walikuwa na utaratibu wa malisho uliogawanya nchi kwa majira, na mahali palipo bora kuliko pote paliitwa muhajega, pa udongo mzuri, palipochungwa kwa muda na kuachwa papumzike.

Tangu mwisho wa miaka ya 1960 Shirika la Taifa la Kilimo na Chakula, yaani NAFCO, lilianza kuzichukua nyanda hizo kwa kilimo cha ngano, na Kanada ikasaidia kwa fedha, matrekta na wataalamu. Yakawa mashamba saba, yenye ardhi ipatayo hekta 40,000 kwa jumla. Ngano ilipatikana, haifai kusema uongo juu ya hilo, kwa kuwa sehemu kubwa ya ngano ya nchi ilitoka Hanang, na watu wa mijini walikula mkate. Lakini ardhi iliyochukuliwa ilikuwa ile ya muhajega. Mpango wote wa malisho ukavunjika, kama nyumba iliyoondolewa nguzo ya kati. Na makaburi ya wazee, ambayo Wabarabaig huyajengea vichuguu vya heshima, mengine yalilimwa kwa matrekta.

Wakaenda mahakamani. Mwaka 1984 Mahakama Kuu huko Arusha iliwapa haki wanakijiji wa Mulbadaw. NAFCO ikakata rufani, na katika rufani Na. 3 ya mwaka 1985 hukumu ile ikapinduliwa. Halmashauri ya kijiji iliambiwa kwamba haikuwa imepewa ardhi kwa kufuata sheria. Na wale walalamikaji wengine wakaambiwa kwamba hawakuthibitisha kuwa wao ni wenyeji kwa maana ya sheria. Wabarabaig, katika Hanang, hawakuthibitisha kuwa ni wenyeji! Kila mara nisomapo neno hilo husimama nikalisoma tena. Katika miaka ya 1990 msaada wa Kanada ukakoma, shirika likadhoofika, na baadaye mashamba yakagawanywa, mengine kwa wawekezaji na mengine kwa wanavijiji.

Sasa mtu aliyenyang'anywa malisho huenda wapi na ng'ombe wake? Huenda penye nafasi. Jamaa nyingi za Kidatoga zilihamia magharibi na kaskazini, na baadhi zikateremka Yaeda. Hivyo ngano ya Basotu ikafika kwa Wahadzabe kwa miguu ya ng'ombe. Visima vyao vya kiangazi vikawa vya mifugo. Wanyama wa porini wakakimbia. Na mkulima naye akaja na shoka kutoka nchi ya juu, ambako mashamba hayakutosha tena. Siwalaumu Wadatoga, kwa kuwa walikuwa wenye haja kama waliowakuta. Lakini mzigo aliotuliwa mmoja alitwikwa mwingine, aliye mdogo zaidi na asiyekuwa na msemaji.

Hapo ndipo njaa ilipojulikana Yaeda. Msichana aliyefundishwa na bibi yake mahali pa kuchimba alikuta pamekuwa shamba la mtu, na mwenye shamba akamwita mwizi.

Mwaka 2007 mambo yalifikia ukingo. Eneo la Yaeda lilitolewa kwa kampuni ya uwindaji iliyohusiana na jamaa ya kifalme ya Falme za Kiarabu. Wahadzabe walipinga, habari zikaenea katika magazeti ya nje, na mwaka ule ule kampuni ikajitoa. Wale waliosemwa kuwa hawana msemaji walikuwa wamepata wasemaji kutoka kwao wenyewe, vijana waliokwenda shule, na katika hilo shule zilifanya kazi njema.

Tangu hapo shauri likawa la ardhi kwanza. Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999 yaruhusu hati ya kimila itolewe si kwa mtu mmoja tu, bali hata kwa jamii. Shirika la Ujamaa Community Resource Team liliitumia njia hiyo pamoja na wanakijiji wa Mongo wa Mono. Wakakaa na jirani zao, wakaweka mipaka: hapa pa kukaa na kulima, hapa pa malisho, hapa pa kuwinda na kuchimba. Mwaka 2011 Wahadzabe wakapewa hati ya ardhi ya jamii, hekta zipatazo 20,000. Kwa kazi ya hati za namna hiyo, Edward Loure wa shirika lile alipewa tuzo ya mazingira ya Goldman mwaka 2016. Ikumbukwe ya kuwa tangu amri ya kwanza ya 1927 mpaka hati hiyo ilipita miaka 84, na katika miaka hiyo walipewa majembe, mbegu, unga, nguo na nyumba. Ardhi yao wenyewe ikaja mwisho.

Baada ya ardhi ikaja njia mpya ya riziki, ambayo wazee waliisikia kwa mshangao. Mti una ndani yake hewa ya ukaa, ambayo siku hizi huitwa kaboni. Mti ukikatwa na kuchomwa, hewa hiyo hupanda angani na kuongeza joto la dunia. Wako watu na makampuni ya nje walio tayari kulipa ili msitu usikatwe. Basi kampuni ya Carbon Tanzania ilifanya mapatano na vijiji vya Yaeda: msitu hupimwa, hukadiriwa ungepotea kiasi gani kwa mashamba, na kwa kile kilichookoka vijiji hulipwa. Fedha hizo zimelipa walinzi wa kijiji, vijana wa Kihadzabe na wa Kidatoga wanaotembea mipakani pamoja, na ada za shule, na matibabu. Kazi inayolipwa ni ile waliyoifanya siku zote, yaani kuiacha miti isimame.

Upande wa Eyasi wako wengine wanaopokea watalii. Hao huonyesha uwindaji asubuhi na kuuza shanga na mishale, na fedha hununua unga. Njia hiyo naisifu kwa kiasi, kwa kuwa shilingi ya mtalii hufika mkononi mara moja, na duka la pombe haliko mbali. Kule Yaeda fedha za msitu hupita katika mkutano wa kijiji kwanza. Watu hubishana, hukasirika, huahirisha, kisha huamua. Ni polepole, lakini watoto wamekwenda shule.

Mahindi nayo yamo siku hizi. Jamaa nyingi hula unga sehemu ya mwaka, wengine hulima kidogo mvua ikiwa nzuri, na wachache tu, mia mbili au tatu, ndio wanaopata chakula chao karibu chote porini. Sioni ubaya katika unga ukiwa umeongezwa juu ya ekwa na ubuyu na asali.

Yako mambo mawili yanayowatia wazee wasiwasi sasa. Bei ya kaboni huamuliwa mbali na Yaeda na wanunuzi wasiopajua, nayo yaweza kushuka bila mtu wa Mongo wa Mono kuulizwa. Na ukame umezidi. Mwanzoni mwa mwaka 2022 mifugo mingi ilikufa katika Manyara, hasa Simanjiro, kwa kukosa malisho na maji. Mwaka kama huo ng'ombe wenye kiu hawaujui mpaka, na mchungaji aliyeona kundi lake likianguka hawezi kuzuiwa kwa karatasi peke yake. Ndipo walinzi wale, Mhadzabe na Mdatoga, hukaa naye chini ya mti kupatana ni kisima kipi anyweshe, na kwa siku ngapi.